Jeraniamu za Teta

Ijumaa ile ibada ilipokwisha, watu wakiwa wanasukumana kwenye foleni ya chai, Damaris alinivuta kando, akafungua mkoba wake na kutoa tishu iliyokunjwa. Ndani ya tishu kulikuwa na jani. Jani moja la mviringo, lenye vinyweleo, na ukingo wake umegeuka mwekundu.

“Liangalie,” akaniambia. “Si wewe ni nesi?”

“Mimi ni nesi wa watu, Damaris.”

“Ugonjwa ni ugonjwa. Liangalie, aki, uniambie ukweli.”

Nililiangalia. Nililinusa pia, kwa sababu alikuwa amenikazia macho na niliona nisiponusa hatutakunywa chai siku hiyo. Lilikuwa na harufu kali ya kukwaruza pua. Nikamwambia limepigwa na baridi tu, kwamba hata mimi midomo yangu inapasuka kila Januari hapa Doha na sijafa. Akanitazama kwa huruma, jinsi mgonjwa anavyomtazama daktari aliyemkosea dawa, akalikunja jani lake na kulirudisha mkobani.

Damaris Kemunto ni mtu wa wasiwasi. Nasema hivi nikiwa rafiki yake, na yeye mwenyewe anajua kwamba nasema. Akifunga mlango lazima arudi autikise. Akituma ujumbe usipojibiwa anapiga simu kuuliza kama umefika, na ukimwambia umefika anauliza mbona basi hukujibu. Mwanawe Tevin, aliyebaki Nyamira kwa bibi yake, akipiga chafya kwenye simu, mimi napigiwa nikiwa wodini niulizwe kama hiyo ni nimonia. Kuna siku natamani kumshika mabega nimtikise. Lakini mtu akiniuliza ni nani ningemwachia mtoto wangu kwa mwaka mzima, nitamtaja Damaris kabla swali halijaisha.

Kabla ya kuja Qatar alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua, Naivasha. Ukisikia hivyo unadhani alikuwa akishinda katikati ya maua. Wapi! Shamba lile halikuuza maua, liliuza vipandikizi. Chini ya paa za plastiki ilipangwa mimea mama ya jeraniamu, safu baada ya safu, na kazi ya Damaris na wenzake ilikuwa kuvunja ncha changa kwa kidole gumba na kuzijaza mifukoni. Mifuko ilipanda ndege kwenda Ulaya. Huko ndiko ncha zile zilikooteshwa, zikauzwa, zikawekwa madirishani, na huko ndiko zilikotoa maua.

Naivasha, ua lilikuwa kosa. Mmea ukichanua nguvu yote inakwenda kwenye ua, vipandikizi vinakonda. Petali zikianguka juu ya majani, majani yanaoza, ukungu unaingia. Kwa hiyo kila tumba la ua lilivunjwa lingali dogo, kabla halijapata rangi. Supavaiza akikuta tumba kwenye safu yako anakuita kwa jina mbele ya watu wote. Na ilikuwepo hofu nyingine kubwa zaidi, ya ugonjwa wa kunyauka. Jani moja tu likilegea bila sababu, nyumba nzima ya plastiki inafungwa na mimea yote inachomwa moto. Ndiyo maana waliosha mikono kwa dawa wakiingia, wakaiosha tena wakitoka, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa safu ya mwenzake.

Mimi huwa nasema wasiwasi wake aliupata huko. Mama yake anasema hapana, alizaliwa nao.

Hapa Qatar, baada ya nyumba moja ambayo hapendi kuizungumzia, alipata kazi Al Wakrah, mji wa jirani na Doha, kwa familia ya Wajordani. Mwenye nyumba ni Nabil, injinia, mtu mpole anayetafuta miwani yake siku nzima. Mkewe ni Madam Rula, mwalimu, mwanamke mwenye haraka lakini si mwenye roho mbaya. Kazi ya Damaris ilikuwa kumtunza mama yake Nabil, ambaye nyumba nzima inamwita Teta, yaani bibi. Teta ametoka Salt, kwao Jordan, mji wa vilima na ngazi nyingi, ambako kila nyumba huweka jeraniamu kwenye madebe ya samli na kuyapanga ngazini. Mumewe alipofariki na Nabil akamleta Doha, Teta hakubeba kingine cha maana. Alibeba vipande vya jeraniamu zake, amevifunga kwa pamba mbichi ndani ya mkoba wa kipaimara. Hapana, nakosea, Teta ni Mwislamu. Ulikuwa mkoba wake wa kwendea harusini. Damaris alinisimulia kwa kirefu, na mimi nilikuwa nakaanga samaki.

Madebe yalikuwa manne, bado yana picha ya ng'ombe. Madam Rula aliyachukia kwa sababu ya kutu iliyochafua vigae. Alishanunua vyungu vyeupe vya kupendeza, Teta akaweka vitunguu humo.

Damaris alifika nyumba ile mwezi wa sita, joto la kuivisha mayai nje, na madebe yalikuwa yamepangwa chumbani kwa Teta karibu na dirisha, kwenye ubaridi wa kiyoyozi. Mimea ilikuwa mirefu, imekonda, kijani kitupu. Damaris aliponyoosha mguu kuvuka kizingiti ile harufu ikampiga puani na akajua kabla hajaiona. Alikwenda moja kwa moja akashika jani kwa vidole viwili. Teta, aliyekuwa kitandani akimsubiri huyo msaidizi mpya amkemee, alimwona anavyolishika, akaahirisha kukemea. Si kwa muda mrefu. Mama yule anagombeza kila kitu: kiyoyozi, daktari, mkate wa Doha, watangazaji wa habari. Alimgombeza Damaris tangu alfajiri mpaka wakati wa kulala, na Damaris, ambaye mimi nikimwambia tu kwamba wali umezidi chumvi analia, hakuumia hata mara moja. “Akinyamaza ndiyo naogopa,” aliniambia. Walilala chumba kimoja, wakanywa chai kikombe kimoja kikubwa cha majani ya mnanaa, na kufikia mwezi wa kumi Damaris alikuwa anasema “sisi” akimaanisha yeye na Teta.

Novemba Teta alipelekwa Amman kupasuliwa goti, kwa sababu daktari pekee duniani anayemwamini yuko huko, na huko pia yuko mwanawe mwingine. Siku ya safari, akiwa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni, alimshika Damaris mkono.

“Baridi isiyaue,” alisema. “Umesikia, binti? Baridi isiyaue.”

Nabil alimkumbusha mama yake kwamba Doha hakuna sakitu, ule umande unaoganda kuwa barafu. Teta akamjibu kwamba na yeye, Nabil, alizaliwa siku ambayo watu walisema hakutakuwa na theluji, na ikaanguka. Kwao Salt, asubuhi moja ya sakitu inatosha kuigeuza jeraniamu kuwa nyeusi, na kila majira ya baridi ya maisha yake alikuwa akiyahamishia madebe chini ya ngazi na kuyafunika magunia. Hata Doha aliyafunika usiku pale roshanini, watu wakamcheka, akaendelea.

Mtu mwingine angeambiwa hivyo angemwagilia maji na kwenda zake. Damaris aliyatoa madebe chumbani akayapeleka roshanini joto lilipopungua, akayabana ukutani upande ambao upepo haupigi sana, akashona vifuniko kwa shuka kuukuu. Jioni anafunika, asubuhi anafunua. Upepo wa kaskazini ukivuma, ule wanaouita shamali, na vumbi likaingia hadi kwenye sukari, aliyabeba yote ndani, debe moja baada ya jingine, na upepo ukitulia anayarudisha na kuyafuta majani kwa kitambaa cha unyevunyevu. Aliweka dawa ya mikono mlangoni mwa roshani. Ronnie, dereva wao kutoka Masaka, Uganda, alipotaka kusaidia kubeba debe aliambiwa kwanza anawe.

“Nyabo, hata hospitali mimi naingia bila kunawa,” Ronnie alilalamika, na nyabo kwao ni bibie.

“Hospitali si yangu,” Damaris akamjibu.

Na kila asubuhi, akishafunua na kukagua shina kwa shina, alipitisha kidole gumba na kuvunja matumba. Hili hakuniambia. Hakuwa analificha, kwake halikuwa jambo la kusimulia, sawa na mtu asivyokueleza kwamba amepiga mswaki. Matumba yalitoka, yeye akayavunja, mimea ikajaa, ikawa minene na ya kijani iliyoiva. Usingepata jeraniamu yenye afya kama zile Wakrah nzima. Ndipo majani machache yalipobadilika rangi kwenye debe la mwisho, akaanza kukosa usingizi, akalitenga debe lile peke yake pembeni, na Ijumaa akaniletea jani kanisani.

Huko Amman mambo hayakwenda vizuri. Upasuaji ulifanikiwa, goti likawa jipya, lakini Teta mwenyewe hakutaka kusimama. Mtaalamu wa mazoezi alikuja, akafukuzwa. Akaja mwingine, huyo hata hakufukuzwa, aliangaliwa tu mpaka akaondoka. Wiki zikapita Teta yuko kwenye sofa na blanketi. Mwanawe wa Amman akaanza kusema kwamba mama abaki huko huko, hizi safari za nini katika umri huu. Nabil hakukubali, hakukataa.

Jumapili baada ya jani, Madam Rula alimpigia mama mkwe simu ya video na kumwita Damaris aje asalimie. Teta alikuwa amepungua uso. Hakumgombeza Damaris. Hakumgombeza mtu yeyote.

“Nionyeshe maua yangu,” alisema.

Damaris aliishika simu kwa fahari, tuseme ukweli, akaipitisha polepole juu ya madebe yote. Kijani, kijani, kijani, kijani. Alisubiri asifiwe.

“Maua yako wapi?” Teta akauliza.

“Haya hapa, Teta.”

“Naona majani. Nauliza maua. Huu ni Januari. Kila mwaka Januari roshani ile inakuwa nyekundu mpaka jirani anauliza.” Akavuta blanketi. “Basi hata yenyewe yamechoka. Tumezeeka pamoja.”

Madam Rula akasema, mama, labda bado mapema. Teta akafikiri kidogo, halafu akasema jambo ambalo Damaris alinirudia mara nyingi mno kiasi kwamba naweza kulisema kama nilikuwepo. Alisema: “Nipigieni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikiona jekundu hata moja, nitajua nyumba ile bado ina kazi na mimi, nitarudi. Nisipoona, nibaki hapa nilipo, msinisumbue tena.”

Simu ilipokatika Madam Rula akamgusa Damaris bega. “Usijali,” akamwambia. “Mama akibaki Amman, tutakutafutia nyumba nzuri. Nina rafiki Lusail ana watoto wadogo.” Alisema kwa wema kabisa, ndiyo maana lilimchoma zaidi.

Damaris alinipigia dakika hiyo hiyo. Nilikuwa nyumbani, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, naanika nguo.

“Milcah, ni mimi.”

“Najua ni wewe, jina linaonekana.”

“Hapana. Ni mimi niliyeyamaliza. Maua. Nilikuwa nayatoa.”

“Unayatoa kuyapeleka wapi?”

“Nayavunja! Kila asubuhi. Matumba. Si ndivyo inavyofanywa? Kwetu ndivyo ilikuwa inafanywa!” Alikuwa analia sasa. “Aliniambia yasife. Ua linaua mmea, kila mtu anajua. Nilikuwa nayalinda, Milcah.”

Nilikaa kitandani na shati lenye maji mkononi. Nikamuuliza, na nakiri sikuuliza kwa sauti ya upole, kama katika miaka yote ile ya Naivasha hakuwahi kujiuliza watu wa Ulaya wananunua ile mimea ya nini.

“Hiyo ni yao,” akasema. “Mimi sijawahi hata kuona likifunguka vizuri. Niliona moja mara moja, na msichana wa safu ile aliandikiwa barua ya onyo.”

Nilitaka kumkaripia zaidi, na sikuweza. Nilimwambia aache, asiguse tena, na amwambie Teta ukweli sasa hivi. Akasema hawezi. Teta atamwona mjinga, Madam atamwona mharibifu, na hakuna mtu wa Lusail atakayetaka mlezi wa watoto aliyeshindwa kutunza debe. Nikasema basi angoje matumba yatoke. “Yatatoka?” akaniuliza. Nilisema ndiyo. Mimi, nesi wa watu.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka, na hazikuwa hata zangu. Simu asubuhi, simu mchana, picha za majani nikiwa kwenye mkutano wa zamu. Baridi ilikuwa imezidi, jua limejificha, na matumba, ambayo wiki iliyotangulia yalikuwa yanachomoza bila kuitwa, sasa yalichelewa. Alihamisha madebe mara tatu kwa siku kulifuata jua ukutani. Alivaa glavu za kuoshea vyombo kila alipokwenda roshanini, zile nene za manjano, kwa sababu alisema mikono yake haiaminiki. Hakula. Ronnie ndiye aliyenipigia kunieleza hilo, na Ronnie hajawahi kunipigia.

Ronnie pia ndiye aliyeleta suluhisho lake. Alipita kwenye duka moja la vitu vya rahisi akanunua maua ya plastiki, mekundu ya kuumiza macho.

“Nyabo, unachomeka hapa, unachomeka pale, mzee anaona kwa simu, anafurahi, anapanda ndege. Sasa akifika ndiyo utaanza kueleza.”

Damaris aliyachomeka. Akarudi nyuma, akapiga picha, akanitumia. Nilimjibu kwamba yanafanana na yale ya makaburini. Alikuwa ameshayang'oa kabla hajasoma ujumbe wangu. Alimwambia Ronnie kwamba Teta akishuka kwenye ndege kitu cha kwanza atakachofanya ni kuyashika, na hapo uso wake utakuwaje? Hakutaka kuuona huo uso. Ronnie akayachukua maua yake akayaweka kwenye dashibodi ya gari, yako hapo mpaka leo.

Jumatano ya wiki ya pili, tumba likaonekana. Moja, debe la pili, limejificha chini ya jani, limefunga kichwa lakini upande mmoja umeanza kupasuka na rangi inachungulia. Alinipigia akinong'ona. Nilimuuliza ananong'ona nini, akasema hataki kulishtua. Nilicheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile yeye pia alicheka. Tulihesabu: likipata jua Alhamisi, Ijumaa jioni litakuwa limefunguka kiasi cha kuonekana kwa simu. Alimwambia Madam Rula, naye akatoka na kanzu ya nyumbani kwenda kuliona, akasema alhamdulillahi.

Alhamisi asubuhi Damaris alikuwa roshanini anafunua. Glavu zilikuwa zimelowa, alikuwa amezianika. Ronnie alikuwa chini anaosha gari, akamuuliza kwa sauti kama Nabil ameshaamka, na Damaris akainamia ukuta wa roshani kumjibu kwamba ameshaamka anatafuta miwani. Alipogeuka, tumba lilikuwa kiganjani mwake.

Hakumbuki kulivunja. Anaapa, na mimi namwamini, kwa sababu hata mimi nikiwa likizo nashika kifundo cha mkono cha mtu ninayezungumza naye na kujikuta nahesabu mapigo. Vidole vilifanya kazi yao. Alilirudisha pale lilipotoka, akalishikilia, kana kwamba lingeshika tena. Kisha akakaa chini kwenye vigae.

Alinieleza hayo Ijumaa kanisani, macho yamevimba, akaniomba niende naye Al Wakrah. “Sitaweza peke yangu,” alisema. Ronnie akatuchukua. Njia nzima nilikuwa na hasira ambazo sikujua nimpelekee nani: supavaiza, Teta, Madam, au mmea wenyewe.

Tulimkuta Nabil ameshavaa miwani, na Madam Rula ameandaa chai roshanini kama kuna sherehe, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu Alhamisi. Alipoyatazama madebe na kutoona kitu, alimtazama Damaris, naye Damaris akaangalia chini. Simu ilikuwa tayari inaita.

Teta alitokea, kwenye sofa, kwenye blanketi. “Nionyeshe,” alisema, hata salamu hakutoa.

Nabil akaipitisha simu. Kijani, kijani, kijani, kijani. Kiarabu changu ni cha hospitali, unaumwa wapi na tangu lini, lakini nilielewa alichosema kwa sababu kilikuwa kifupi.

“Khalasi. Nimeona. Mwambie ndugu yako nitabaki.”

“Mama,” Nabil akaanza.

Nilimsukuma Damaris mgongoni. Sijivunii, lakini nilimsukuma. Akaenda mbele mpaka uso wake ukajaza simu yote, akazungumza kile Kiarabu chake cha jikoni, kisicho na mwanzo wala mwisho.

“Teta, ni mimi.”

“Nakuona.”

“Ni mimi nayakata. Yakitoka madogo nayavunja. Kazi yangu ya zamani ilikuwa hivyo. Nilifikiri ua linaleta kifo.”

Teta alimwangalia. “Uliyavunja. Wewe.”

“Mimi, Teta. Hata jana. Jana lilikuwepo moja, jekundu, nikalivunja bila kujua.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipoondoka.”

“Yalikuwa mangapi?”

“Mengi. Sijui. Nikiyatoa leo, kesho yametoka mengine.”

Nabil alifungua mdomo, mkewe akamshika mkono. Mimi nilikuwa naangalia kucha zangu. Huko Amman kulikuwa kimya, na nilikumbuka Damaris akisema kwamba kimya cha mama huyo ndicho cha kuogopwa.

“Kila siku?” Teta akauliza. Sauti ilikuwa imebadilika.

“Kila siku, Teta.”

“Kwa baridi hii? Na mimi sipo?”

“Kila siku. Hayajachoka hata kidogo. Ni mimi tu.”

Teta akakaa wima. Blanketi likateleza, hakulishika. Halafu akaanza. Nilielewa neno punda. Nilielewa neno mikono, na jina la Mungu, na punda tena. Mengine Nabil alinitafsiria baadaye na mengine alikataa kutafsiri. Alimuuliza Damaris ni shetani gani aliyemfundisha kilimo. Alimuuliza Nabil yeye na digrii yake walikuwa wapi asubuhi zote hizo, kipofu gani anaishi na jeraniamu zinazonyongwa na haoni. Alimuuliza Madam Rula kama hao ndio watu anaowaachia nyumba. Madam Rula aliziba mdomo na mtandio, mabega yanatikisika kwa kicheko. Damaris aliinamisha kichwa mbele ya simu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na kwa kila tusi alijibu “Naam, Teta,” na kila “naam” ilikuwa na furaha kuliko iliyotangulia.

“Asiyaguse!” Teta alifoka. “Mpaka nifike, mtu asiyaguse! Nabil, nikatie tiketi. Si mwezi ujao. Wiki hii!”

“Mama, goti lako…”

Lakini Teta alikuwa ameshaitupa simu. Tulibaki tunaangalia dari ya nyumba ya Amman, nyeupe, yenye taa moja, na kwa mbali tukamsikia akigombana na mtu, akiuliza nani amemfichia viatu vyake.